Jumamosi za Mgeni: Kutoka Hosteli ya Embu hadi Lango la Murera

Ijumaa ya kwanza nilipokuwa mwanafunzi Embu, mapema mwaka 2021, geti la chuo lilifurika alasiri kuliko ukumbi wowote wa mihadhara. Kila aliyetoka alikuwa na begi mgongoni na gunia tupu lililokunjwa kwapani. Lile gunia ndilo lililonitatiza. Nikamuuliza mwenzangu wa chumbani, kijana wa Igembe, gunia tupu ni la kazi gani.

"Linaenda tupu, linarudi na viazi," akanijibu, huku anafunga kamba za viatu.

Magharibi ilipoingia, ghorofa yetu ilikuwa imebaki na watu watano: mmoja wa Mandera, mmoja wa Lodwar, wawili wa Kwale, na mimi wa Kipini. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba katika chuo cha Kenya kuna makabila mawili tu: wanaoweza kwenda kwao Ijumaa wakarudi Jumapili, na wasioweza. Kutoka Embu hadi Kipini, hata ukikata kwa Garissa na Hola, unafika hoi na saa ya kugeuza imewadia. Nyumbani nilikwenda mara mbili kwa mwaka, mwaka mwingine mara moja.

Sasa wikendi utaifanyia nini? Kufua kunakwisha saa nne asubuhi. Mpira unaanza jioni. Katikati hapo kuna Jumamosi nzima imekukodolea macho.

Yule wa Igembe siku hizi yuko Perth, Australia, anasomea shahada ya uzamili. Safari yake ilimla kisawasawa: ada ya viza ya mwanafunzi ilipanda hadi dola 1,600 za Australia Julai 2024, na ilipofika Julai 2025 ikawa dola 2,000, haijatiwa karo wala tiketi ya ndege. Jumamosi moja adhuhuri simu yangu ikalia. Huko kwake ilikuwa saa kumi na moja jioni, kwa kuwa Perth imetutangulia kwa saa tano. Alinitumia picha kumi na mbili: bahari, baiskeli ya kukodi, na mnyama mdogo mwenye uso wa tabasamu anayeitwa kwoka, anayepatikana kwa wingi katika kisiwa cha Rottnest, nje kidogo ya Fremantle. Chini ya picha ya mwisho aliandika maneno mawili: "Sasa nimekuelewa."

Nilimwelewa pia. Huko hana pa kupeleka gunia.

Jumamosi yangu ya kwanza ya kutoka sikupanda hata matatu. Wale wawili wa Kwale walisema wamechoka kutazama dari, tukateremka kwa miguu hadi mjini, tukapita soko, tukafika kwenye daraja la Rupingazi unapoingia Embu ukitokea upande wa Nairobi. Tukasimama tukiegemea vyuma. Maji yalikuwa meupe, yanakimbia juu ya mawe, na baridi yake ilitupanda hadi usoni. Mmoja wetu aliuliza tu, kama mtu yeyote anavyouliza kuhusu mto: "Huu unakwenda wapi?"

Nilifungua ramani kwenye simu nikaufuata kwa kidole. Rupingazi unaingia Thiba. Thiba unaingia bwawa la Kamburu, ambalo ni Tana. Kisha Gitaru, Kindaruma, Kiambere, Garissa, Hola, Garsen. Kidole kilipokoma kilikuwa kimegusa Kipini, kwetu, pale Tana inapomwaga maji baharini baada ya mwendo wa takriban kilomita 1,000. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimesafiri kutwa na kucha kuja mbali na nyumbani, na kumbe nimesimama juu ya maji yanayokwenda kwetu bila nauli.

Tangu siku hiyo nilikuwa na sababu ya kutembea. Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita: kila daraja kati ya Embu na Meru nililolivuka, niliuliza mto unaelekea wapi, na jibu halikubadilika.

Safari zilizofuata tulizifanya kwa shauri la tumbo. Mimi na wale wa Kwale ni Waislamu, na nyama choma ya Embu, pamoja na sifa zake zote, ilitupa mashaka kila mara kuhusu nani aliyechinja. Samaki hana utata. Basi kila mkopo wa masomo wa HELB ulipoingia, tulipanda matatu iliyoteremka Gachoka kwenda Kamburu. Ni safari fupi lakini unabadilisha dunia. Unaondoka Embu umevaa sweta, mashamba ya chai na kahawa yamepanda juu upande wa mlimani. Saa moja baadaye uko Mbeere, ardhi nyekundu, migunga, mbuzi, na jua linalokuchoma kama la kwetu. Sweta inarudi kwenye begi. Mmoja wa wale wa Kwale alizoea kuvuta pumzi kwa nguvu akishuka garini na kusema, "Haya, sasa hili ndilo joto."

Mabwawa ya huko wenyewe huyaita Seven Forks, ingawa ni matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilitangulia mwaka 1968, na Kiambere likaja la mwisho mwaka 1988. Gitaru peke yake lina uwezo wa kuzalisha megawati 225. Sisi hatukwenda kwa ajili ya megawati. Tulikwenda kwa mama mmoja aliyekaanga perege kwenye karai jeusi kando ya barabara. Alimpasua samaki mgongoni kwa kisu kilichokwisha makali, akamkandika chumvi kwa kidole gumba, akamtumbukiza kwenye mafuta, na hakumgeuza mpaka mkia ulipojikunja wenyewe. Ugali, sukuma, pilipili ya kupikicha. Niliwahi kumuuliza kama ana tui la nazi. Alinitazama kwa huruma kama mtu anayeulizwa habari za theluji.

Nilirudi huko Aprili 2024, na safari hiyo sikula. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nyingi mfululizo. Maji ya Kamburu hayakuwa tena na ile rangi ya chupa. Yalikuwa mekundu, yamebeba magogo na mabua ya mahindi, na yalipomwagika upande wa pili yalitoa mngurumo uliotetemesha nyayo. Ilikuwa inatangazwa redioni kwamba mabwawa ya Tana yamejaa na walio chini ya mto wajihadhari. Tangazo la redio watu wetu hulisikia kila mwaka, wakafunga redio wakalala. Nilimpigia mama.

"Mama, maji yanakuja."

"Umejuaje?"

"Nimeyaona."

Akanyamaza, kisha akaniambia nimwachie apate kumwita mjomba. Mafuriko ya msimu ule yalifunika mashamba mengi ya Tana Delta, na kwetu tulipoteza migomba yote na mpunga. Godoro, cherehani na mbuzi walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Sisemi kwamba matembezi ya wikendi yaliokoa mbuzi. Nasema tu kwamba nilikuwa nimekaa juu ya mto huo Jumamosi nyingi kiasi cha kuujua ukikasirika.

Mlima Kenya nilikwenda mara moja, inatosha. Tulipitia Chogoria, tukapanda msitu wa mianzi hadi langoni, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na siku ya pili tukafika Ziwa Ellis. Usiku nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo, na soksi mikononi. Asubuhi nilitoka hemani nikaona nyasi zimemwagiwa kitu cheupe, nikadhani mpishi wetu amepasua pakiti ya chumvi. Ulikuwa umande ulioganda. Niliuokota, ukayeyuka kidoleni. Kilele cha Lenana, mita 4,985, nilikiona kwa dakika kumi kabla wingu halijakifunga, nikakipungia mkono nikateremka.

Njia ya kutoka Embu kwenda Meru ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo niliyoiogopa. Inajikunja kama mkia wa kinyonga: unateremka bondeni, unavuka mto, unapanda tena, Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu. Kila steji ndizi zinaingia dirishani kabla gari halijasimama. Magari ya miraa yanakupita mbio, yanashindana na saa, kwa kuwa miraa ikinyauka haina bei. Na kuna daraja la Nithi. Jumapili ya tarehe 24 Julai 2022, jioni, basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni hapo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Nilikuwa mwaka wa pili. Basi la Mombasa ndilo sisi watoto wa Pwani tulilolitegemea kwenda nyumbani, na usiku ule simu za hosteli zilikuwa zikipigwa kutoka Kwale, Kilifi na Lamu, kila mzazi akiuliza mwanawe yuko wapi. Tangu hapo tulikuwa na sharti moja: safari ya Meru ni ya mchana, na Jumapili saa nane kila mtu awe amekwisha kugeuza. Dereva akizidisha mwendo, hatukunong'ona. Tulipiga kelele gari zima. Nakuomba nawe ufanye hivyo hivyo.

Kabla ya kuingia Meru mjini kuna kibao cha ikweta. Komredi mmoja aliyesoma jiografia alitufanya tushuke tupige picha, mguu huku mguu kule. Embu iko nusu ya kusini ya dunia. Meru mjini iko kaskazini kwa unywele. Kwa hesabu hiyo kijana wangu wa Igembe, alipokuwa akitoka hosteli kwenda kwao kila Ijumaa, alikuwa anahama nusu ya dunia bila pasipoti. Na leo, akiwa Perth, yuko upande ule ule wa Embu.

Meru tulitembelea Makumbusho, katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkoloni, na siku nyingine tukaenda Nchiru, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Ardhi ya chuo hicho ilitolewa na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, na makao yao yako papo hapo jirani. Tulimkuta mzee mmoja njiani. Tukamwamkia "Muga!" kama tulivyofundishwa, akaitikia, akatuuliza tumetoka wapi. Aliposikia Kipini akauliza ni nchi gani. Nikamweleza kuwa mto Kathita unaishia huko. Alitikisa kichwa taratibu, akasema kwa Kiswahili chake, "Basi sisi na nyinyi tunakunywa kikombe kimoja, sisi tunaanza."

Si kila Jumamosi ilikuwa tamu. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayolimwa Embu, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na Embu ikawaka. Ghafla kila mwenye lafudhi ya Pwani akawa mshtakiwa. Darasani ilikuwa mizaha. Matatuni haikuwa mizaha sana. Rafiki yangu mmoja wa Mbeere akaniambia, "Njoo kwetu Kiritiri uone mwenyewe." Nilikwenda. Mama yake alinipeleka shambani, mistari ya vichaka visivyonipita kifua, akachuma majani machanga ya nchani kwa vidole viwili, haraka, bila kutazama, huku ananisemesha.

"Kijana, enda uambie huyo gavana wenu, hii ndiyo karo."

Kwake yeye Pwani nzima ni Mombasa, na gavana ni mmoja. Sikumsahihisha. Nilimwambia kweli: kwamba kwetu nimeona vijana wa rika langu wanaotafuna majani hayo tangu asubuhi hadi asubuhi, hawalali wala hawafanyi kazi, na mama zao hawataki hata kuyasikia. Alisimama kuchuma. Akaniuliza wanatafuna kiasi gani, kwa pesa za nani. Tuliongea mpaka jua likapinda, na hakuna aliyemshinda mwenziwe. Rais alikwisha kutamka kwamba amri za kaunti hazina nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Lakini swali la yule mama na swali la mama zetu bado hayajakutanishwa kwenye meza moja, na naona ni uvivu wa viongozi wa pande zote mbili. Aliponisindikiza alinifungashia maembe. Muguka hakunipa.

Safari kubwa tuliifanya Novemba 2024, mitihani ilipokwisha. Tulichangishana watu kumi na wanne, tukakodi matatu, tukaondoka Embu saa tisa usiku, kinyume na sharti letu, kwenda Mbuga ya Meru. Hapa niseme neno: vyuo vyetu vina mabasi, na Jumamosi mengi yamelala uwanjani yakisubiri timu ya mpira au mazishi. Kuwapeleka wanafunzi wa mwaka wa kwanza mahali pamoja tu kwa muhula hakuwezi kumfilisi mtu.

Tulipofika Maua jua lilikuwa limechomoza, na kijana wa Igembe alikuwa amesimama kando ya barabara na mkungu mzima wa ndizi begani. Tulimwekea kiti. Akaupakia mkungu, akafunga mlango wa gari kwa nje.

"Hupandi?"

"Ndovu? Wamekuja shambani kwetu mara tatu mwaka huu. Niliwaona bure. Siwezi kulipa kuwaona tena."

Akarudi kuchuma miraa. Ada ya kufanyia mtihani wa Kiingereza wa kwenda Australia ilikuwa inatoka kwenye miti ile, na miti hainyamazi kwa sababu ni Jumamosi.

Lango la Murera halipokei fedha taslimu. Malipo ni kwa eCitizen, jukwaa la serikali la simuni. Sisi tulikuja na noti mfukoni, na mtandao ulikuwa unakuja na kwenda kama mgonjwa wa homa. Kosa letu. Tulikaa langoni saa nzima. Ndani, mbuga ina kilomita za mraba 870 hivi na mito 13, na ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1966. Imepata taabu yake: Novemba 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi, na mbuga ikabaki karibu ukiwa. Vifaru walirudishwa baadaye, na siku hizi wana eneo lao la kulindwa. Tuliwaona wawili, mgongo tu, katikati ya nyasi. Kaburi la Elsa, yule simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, hatukulifikia. Askari alitutazamia matatu yetu chini akasema njia hiyo inataka gari lenye miguu mirefu.

Nilichokikumbatia mimi ni mti. Tulipokaribia mto wa kwanza niliona mikoma. Shina limegawanyika pande mbili, kila tawi likagawanyika tena, na juu yake makuti yamekaa kama vipepeo vilivyofunguliwa. Kwetu koma tunalitafuna utotoni mpaka meno yanakuwa ya kahawia, na miyaa yake bibi yangu alisukia mikeka. Wenzangu walikuwa wanaelekeza simu kwa twiga. Mimi nilikuwa nalia kidogo, nikasingizia vumbi. Maji yale, miti ile, na joto lile: ilikuwa kama mto umenitangulia kwetu, ukarudi na picha.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa miaka karibu minne niliona wenyeji wakipona kidogo kidogo kwa ugeni wetu: msichana wa Runyenjes aliyepanda kilima cha Karue kwa mara ya kwanza kwa sababu sisi tulitaka kukipanda, dereva wa Chuka aliyeshuka kwenye kibao cha ikweta akapiga picha yake ya kwanza baada ya kukipita miaka kumi. Hawakuwa wazembe. Walikuwa na chai ya kuchuma, maji ya kuteka, gunia la kujaza. Sisi tulitembea kwa kuwa hatukuwa na shamba wala ndugu pale.

Na Perth si kama picha zinavyodanganya. Niliposema namwonea wivu, kijana alinitumia ujumbe mrefu wa sauti. Viza yake inamruhusu kufanya kazi saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, na wikendi ndiyo yenye malipo mazuri. Jumamosi na Jumapili nyingi anazipeleka kwenye nyumba ya kutunza wazee, anawaogesha, anawalisha, anawageuza. Rottnest alikwenda baada ya miezi sita. Mara nyingine anapopata Jumapili, anapanda basi na treni za jiji, kwa kuwa kule siku hiyo mwenye kadi ya usafiri halipi nauli, anakwenda hadi kituo cha mwisho, anatazama, anarudi. Aliniambia alijiona kama mimi na wale wa Kwale, juu ya daraja, tunauliza mto unakwenda wapi.

Kisha akaniuliza: "Ile Murera, mkishaingia, mnachukua kulia au kushoto?"

Anakuja Desemba kwa likizo. Tumekubaliana tukutane Maua Ijumaa jioni, tulale kwao, na alfajiri tuwe langoni. Ameniomba nimlipie mapema kwa eCitizen. Amezaliwa mwendo mfupi kutoka kwenye lango hilo, na hajui utaratibu.